Maisha ya Bibi Clara Barton, Aliyewatafuta Waliopotea Vitani

Vita vikiisha, watu huuliza kwanza ni nani aliyeshinda, kisha huuliza waliokufa ni wangapi. Hujibiwa kwa maelfu, nao husikitika kidogo, kisha hurudia kazi zao. Lakini katika kila elfu mna watu elfu, na kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, na mahali pake pa kulala nyumbani, na mtu aliyekuwa akiitazama njia apate kumwona akirudi. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mwanamke aliyelijua jambo hili kuliko wakuu wengi wa majeshi. Hakuwa mtu wa kanisa letu la Kilutheri, wala hakuwa mhubiri. Lakini kazi aliyoifanya katika vita vikubwa vya Marekani, na hasa kazi aliyoifanya vita vilipokwisha, yatufaa sana sisi tulio watumishi wa sharika.

Jina lake lilikuwa Clarissa Harlowe Barton, lakini watu wote walimwita Clara. Alizaliwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1821, katika kijiji cha North Oxford, jimbo la Massachusetts, upande wa kaskazini wa Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Baba yake, mzee Stephen Barton, alikuwa mkulima, naye katika ujana wake alikuwa askari. Alikuwa akimsimulia huyu mtoto wake wa mwisho habari za kambi na safari na vyeo vya jeshi, hata mtoto akazijua kama watoto wengine wazijuavyo hadithi za sungura na fisi. Lakini Clara alikuwa mwoga wa watu kupita kiasi. Hata kusema mbele ya wageni kulikuwa mateso kwake.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, kaka yake David alianguka kutoka juu ya ghala lililokuwa likijengwa, akaumia vibaya, akashikwa na homa isiyokwisha. Waganga wa siku zile hawakujua dawa ila kumtoa damu kwa ruba. Clara akakaa kando ya kitanda cha ndugu yake karibu miaka 2, akimpa dawa na kumbandika ruba kwa mikono yake mwenyewe, hata akapona. Basi yule mtoto mwoga akawa amejifunza siri moja iliyomfaa maisha yake yote, ya kuwa hofu yake ilimwondoka kila mara alipohitajiwa na mtu mwingine.

Alipopata miaka 17 akawa mwalimu wa shule, akafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Katika mwaka wa 1852 alikwenda mji wa Bordentown katika jimbo la New Jersey, akaona watoto wa maskini wakizurura njiani, maana wazazi wao hawakuwa na fedha ya kulipa karo. Akaomba ruhusa afungue shule isiyotoza karo. Siku ya kwanza walikuja watoto 6 tu, lakini kabla miaka 2 haijatimia walikuwa mamia, na mji ukajenga nyumba kubwa ya shule. Ndipo wakubwa wa shule wakamweka mwanamume kuwa mkuu juu yake, kwa mshahara mkubwa kuliko wake, kwa kuwa waliona haifai shule kubwa kama ile itawaliwe na mwanamke. Clara aliumia moyoni, hata sauti yake ikampotea, akaiacha kazi ile. Akaenda Washington, mji mkuu, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali iandikayo uvumbuzi wa mafundi. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza waliopata kazi ya namna ile, na makarani wengine walimdhihaki.

Hapo ndipo vita vilipomkuta. Katika nchi ile, majimbo ya Kusini yalikuwa na watumwa wapata milioni 4, wote watu weusi, ambao wao wenyewe au baba zao walitolewa Afrika kwa nguvu. Utajiri wa Kusini ulitoka katika mashamba ya pamba, na pamba ililimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka wa 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa Rais, naye hakutaka utumwa uenezwe katika nchi mpya za magharibi. Majimbo ya Kusini yakajitenga, yakajifanyia serikali yao. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga yao ikaipiga ngome ya Sumter katika bandari ya Charleston, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Walikuwa watu wa taifa moja na lugha moja, wakimwomba Mungu mmoja kwa kitabu kimoja. Katika nyumba nyingine ndugu wawili walikwenda katika majeshi mawili.

Juma lile lile kikosi cha vijana wa Massachusetts, waliokuwa wakisafiri kwenda kuulinda mji mkuu, kilishambuliwa na umati wa watu katika mji wa Baltimore. Walipofika Washington hawakuwa na vitu vyao, nao walilazwa katika ukumbi wa Baraza la Senati. Clara akaenda kuwatazama, akakuta miongoni mwao vijana aliowafundisha kusoma. Akarudi nyumbani, akararua shuka zake ziwe vitambaa vya kufungia vidonda, akanunua chakula na sabuni na sindano. Kisha akaandika barua kwa wanawake wa kwao, akina mama wa vijana wale, nao wakamletea vitu vingi hata chumba chake kikajaa.

Lakini aliona shida nyingine iliyo kubwa zaidi. Majeruhi waliletwa Washington siku nyingi baada ya kupigwa, damu imekaukia nguoni, na wengi walikuwa wamekufa njiani kwa kiu na kukosa wa kuwafunga vidonda. Akafahamu ya kuwa msaada unaongoja mjini ni msaada uliochelewa. Akatamani kwenda mahali penyewe pa vita, lakini desturi ya siku zile haikumruhusu mwanamke kufanya hivyo, naye aliogopa maneno ya watu. Mwaka wa 1862, mwezi wa Machi, baba yake alifariki. Kabla ya kufa yule mzee alimwambia binti yake aende kuwasaidia askari, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya Mkristo na ya mtu aipendaye nchi yake. Clara hakusitasita tena. Aliwasumbua wakuu wa jeshi mpaka, mwezi wa Agosti, wakampa ruhusa na magari ya kukokotwa na nyumbu.

Mwisho wa mwezi ule majeshi yalipigana mara ya pili karibu na kijito cha Bull Run katika jimbo la Virginia, na jeshi la Kaskazini likashindwa. Clara alishuka garimoshi katika stesheni ya Fairfax, akaona majeruhi wapata 3,000 wamelazwa chini, juu ya majani makavu yaliyotandazwa mlimani. Vikombe vilikuwa vichache mno, hata makopo na chupa za vyakula zilipokwisha kumwagwa zikatumiwa kunyweshea watu maji. Usiku ulipoingia, wale waliosaidia walitembea kati ya watu na mishumaa mikononi, wakiogopa kila hatua, maana mshumaa mmoja ukianguka katika majani yale wote wangaliteketea. Hivyo walikesha mpaka alfajiri.

Majuma machache baadaye, tarehe 17 Septemba 1862, yakawa mapigano ya Antietam katika jimbo la Maryland. Siku ile haijapata kuwa na mwenzake katika historia ya Marekani. Tangu asubuhi hata jioni watu wapata 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, au walijeruhiwa, au hawakuonekana tena, na waliokufa papo hapo walizidi 3,600. Shamba moja la mahindi lilikatwa kwa risasi kama lililovunwa kwa kisu, na maiti wakalala kwa mistari kama walivyokuwa wamesimama.

Clara alikuwa amesafiri usiku, akayapita magari ya jeshi yaliyolala njiani, ili afike mbele. Alifika mchana katika nyumba ya mkulima iliyofanywa hospitali, karibu sana na mizinga. Madaktari walikuwa wamekwisha tumia vitambaa vyote, nao walikuwa wakifunga vidonda kwa maganda ya mahindi. Akawapa vitambaa alivyovileta. Alipokuwa amemwinua mtu mmoja kichwa apate kumnywesha maji, risasi ilipita katika mkono wa vazi lake, ikampiga yule mtu, naye akafa mikononi mwake. Mwingine alikuwa na risasi shavuni, akamsihi amtoe palepale, kwa kuwa madaktari walikuwa na kazi ya walio hali mbaya zaidi. Clara hakuwa na chombo ila kisu chake kidogo cha mfukoni, akamtoa kwa kisu kile.

Chakula kilipokwisha, alifungua masanduku ya chupa za divai aliyoletewa, akaona ya kuwa chupa zimefungiwa ndani ya unga wa mahindi. Mara akaomba masufuria, akapika uji, nao ukapelekwa kwa ndoo hata kwa walio mbali. Usiku daktari mmoja alikuwa ameketi amekata tamaa, mbele yake kipande kidogo cha mshumaa, na watu mamia wakimngoja. Clara akamwonyesha kandili alizozichukua katika gari lake, maana huko Bull Run alikuwa amejifunza ya kuwa vidonda havingoji mapambazuko.

Wasomaji wataka kujua kwa nini watu walikufa wengi hivi. Risasi za bunduki za wakati ule zilikuwa za risasi laini, nzito, nazo zilipogusa mfupa ziliuvunja vipande vipande, hata daktari hakuwa na njia ila kukata mkono au mguu. Tena elimu ya vijidudu viletavyo usaha ilikuwa haijajulikana na madaktari. Walitumia msumeno ule ule kwa mtu huyu na yule, wakiufuta tu katika nguo. Katika makambi maji yalikuwa machafu, na homa ya matumbo na kuhara damu viliua watu kuliko bunduki. Katika kila askari watatu waliokufa, wawili hivi walikufa kwa ugonjwa. Clara mwenyewe alitoka Antietam akiwa na homa kali, akachukuliwa garini mpaka Washington.

Siku 5 baada ya mapigano yale, Rais Lincoln alitoa tangazo ya kuwa tangu tarehe 1 Januari 1863 watumwa wote wa majimbo yaliyoasi watakuwa watu huru. Hivyo damu ya Antietam ilifungua mlango. Twasema hivi tukijua ya kuwa uhuru ule ni kitu cha thamani kuu, lakini tusisahau jinsi ulivyolipiwa.

Mwezi wa Desemba 1862 Clara alikuwa tena pamoja na jeshi, mbele ya mji wa Fredericksburg. Jeshi la Kaskazini lilivuka mto kwa daraja la mashua, kisha likaamriwa kupanda kilima ambacho adui walikijilinda nyuma ya ukuta wa mawe. Walipanda kundi baada ya kundi, wakaanguka wote mbele ya ukuta, na hakuna aliyeufikia. Kaskazini walipotewa na watu zaidi ya 12,000, na Kusini zaidi ya 5,000. Clara aliitwa na daktari ng'ambo ya mto, akalivuka daraja lile huku makombora yakianguka, na kipande cha kombora kikararua vazi lake. Kisha alihudumu katika nyumba moja kubwa ya bwana wa mashamba, ambamo mamia ya majeruhi walijazwa vyumbani na ukumbini, wengine hata juu ya rafu za vyombo. Nao wa Kusini walikuwamo, naye aliwanywesha kama wengine.

Katika nyumba ile alifanya jambo dogo ambalo twataka mliangalie sana. Alikuwa na kijitabu cha mfukoni, na kila aliyekufa aliandika humo jina lake na mahali alipozikwa. Hakuna aliyemwagiza. Askari wa siku zile hawakuvaa shingoni kibao cha jina. Wengine walijiandikia jina katika kipande cha karatasi na kukibana nguoni kabla ya kuingia vitani, ili maiti yao ijulikane. Wala jeshi halikuwa na ofisi ya kuwapasha habari wazazi. Kama rafiki au mkuu wa kikosi hakuandika barua, nyumbani hawakujua lolote. Katika kijitabu kile mbegu ya kazi yake kubwa ilikuwa imekwisha kupandwa.

Mwaka wa 1863 alikwenda pwani ya South Carolina. Tarehe 18 Julai jeshi la Kaskazini lilishambulia ngome ya Wagner mchangani kando ya bahari, na waliotangulia mbele walikuwa kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi, na mkuu wao kijana Robert Gould Shaw. Watu wengi walikuwa wakisema ya kuwa mtu mweusi hawezi kusimama mbele ya risasi. Wale 600 walipanda hata juu ya ukuta wa ngome, na karibu nusu yao wakauawa, au kujeruhiwa, au kutekwa. Mkuu wao aliuawa ukutani, naye alizikwa pamoja na askari wake katika shimo moja. Clara aliwahudumia waliorudi, weupe kwa weusi, katika mchanga na jua kali. Kabla ya vita kwisha askari weusi katika jeshi la Kaskazini walikuwa wapata 180,000.

Mwanzo wa mwezi ule ule, tarehe 1 mpaka 3 Julai, yalikuwa mapigano ya Gettysburg katika jimbo la Pennsylvania, ambayo hesabu yake ni watu wapata 51,000 waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Clara hakuwako huko, lakini kanisa letu lilikuwako. Juu ya kilima kimoja cha mji ule ilisimama seminari ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka wa 1826 na Dr. Samuel Simon Schmucker, mtu aliyeuchukia utumwa. Askari wa Kusini waliiteka nyumba yake na kuviharibu vitabu vyake. Vyumba walimosomea vijana Neno la Mungu vikawa vyumba vya kukatia mikono na miguu, na majeruhi walikaa humo kwa majuma mengi. Sisi tuliosoma katika seminari twaweza kufikiri jinsi ilivyokuwa, sakafu ya darasa imejaa damu.

Mei 1864 majeshi yakapigana katika msitu uitwao Wilderness na mahali paitwapo Spotsylvania, na katika majuma mawili jeshi la Kaskazini peke yake lilipotewa na watu zaidi ya 30,000. Majeruhi waliletwa Fredericksburg kwa magari. Clara akakuta magari yamekwama matopeni na watu wakifa ndani yake kwa njaa, na mjini wengine wamelazwa sakafuni bila kitu, huku nyumba nzuri za wenyeji zimefungwa, maana maafisa waliona aibu kuwasumbua wenye nyumba. Hakubishana nao. Alirudi Washington kwa haraka, akamwona Henry Wilson, mjumbe wa Senati wa jimbo la kwao, naye akawaendea wakuu wa vita usiku ule ule. Muda si mwingi milango ikafunguliwa, na chakula kikatolewa.

Tarehe 9 Aprili 1865 jenerali wa Kusini, Robert E. Lee, alijisalimisha kwa jenerali Grant huko Appomattox. Juma lile Lincoln aliuawa. Mwisho wa mwaka sheria kuu ya nchi ikabadilishwa, na utumwa ukafutwa katika Marekani yote. Waliokufa katika vita vile walihesabiwa zamani kuwa 620,000, na wataalamu wa siku hizi wanaona ya kuwa yamkini walikuwa 700,000 au kupita. Yaani katika kila watu 50 wa nchi ile, wakubwa kwa watoto, mmoja alikufa.

Wengi walirudi nyumbani, wakatupa bunduki na kushika jembe. Lakini kulikuwa na nyumba maelfu ambazo hakurudi mtu, wala haikuja barua. Mama hakujua kama avae nguo za msiba au aendelee kumwekea mwanawe chakula. Mjane hakuweza kupata posho ya serikali, kwa sababu hakuwa na ushahidi wa kifo cha mumewe. Hao waliandika barua kwa Clara, kwa kuwa jina lake lilikuwa limejulikana. Mwezi wa Machi 1865 Lincoln alikuwa amempa kibali cha kazi hii, naye akafungua ofisi katika vyumba vyake vya kupanga mjini Washington. Alipanga majina ya waliopotea kwa majimbo, akayapiga chapa, akayabandika katika posta na kuyaweka katika magazeti, akiwaomba askari waliorudi waseme walilolijua. Walijibu, huyu akisema alimzika fulani chini ya mti, yule akisema alilala na fulani hospitali usiku wa mwisho. Kijana mmoja aliyekuwa hai alikasirika alipoona jina lake limebandikwa, kwa kuwa hakupenda kutafutwa. Clara alimjibu kwa ukali, akimkumbusha machozi ya waliokuwa wakimtafuta.

Katika waliomwandikia alikuwamo kijana Dorence Atwater wa jimbo la Connecticut. Huyu alikuwa mateka katika kambi ya Andersonville, jimbo la Georgia, mahali pa kutisha. Watu wapata 45,000 walipitishwa katika kambi ile kwa muda wa miezi 14, bila nyumba, na maji yao yalikuwa ya kijito kilichochafuliwa. Karibu 13,000 walikufa. Atwater alipewa kazi ya kuandika waliokufa katika daftari la kambi, naye kwa siri akanakili daftari lote, jina na namba ya kaburi, akaificha nakala ile nguoni mwake mpaka akatoka nayo. Katika Julai 1865 Clara na Atwater walikwenda Andersonville pamoja na afisa wa jeshi na mafundi. Kila kaburi likasimamishiwa kibao, na juu ya kibao jina. Katika makaburi yale yote, yaliyobaki bila jina hayakufika 500. Tarehe 17 Agosti Clara alipandisha bendera juu ya makaburi.

Walipokuwa huko, watu weusi wa nchi ile walikuja kwake kwa miguu kutoka mashamba ya mbali. Walikuwa wamesikia ya kuwa wamekuwa huru, lakini mabwana zao hawakuwaambia ukweli, au waliwaambia ya kuwa Lincoln amekufa, basi na uhuru wao umekufa. Clara akawaeleza ya kuwa ni kweli Lincoln amekufa, lakini wao ni huru. Akawasomea amri za serikali, wapate kujua haki zao.

Lakini dunia haikosi mambo ya ajabu. Atwater aliporudi, jeshi lilimshitaki ya kuwa ameiba daftari lake mwenyewe, akafungwa gerezani. Alitolewa baada ya miezi michache kwa jitihada ya Clara na wengine, na orodha ikapigwa chapa mwaka wa 1866, kila mzazi aisome. Baadaye serikali ilimpa heshima, ikamtuma kuwa balozi wake mdogo katika visiwa vya Shelisheli katika bahari yetu hii ya Hindi.

Kazi ile ilidumu mpaka mwaka wa 1868. Barua zilizofika zilikuwa 63,000, na watu waliopatikana habari zao walikuwa 22,000. Hesabu hiyo ni kubwa kwa mwanamke mmoja na makarani wachache, lakini ni ndogo mbele ya msiba wenyewe. Serikali ilipokusanya mifupa ya askari wa Kaskazini zaidi ya 300,000 katika makaburi ya taifa, karibu nusu yao hawakujulikana majina.

Clara alichoka hata akaugua, akaenda Ulaya mwaka wa 1869 kupumzika. Huko Geneva alisikia habari za chama cha Msalaba Mwekundu, kilichoanzishwa mwaka wa 1863 kwa ajili ya maono ya Henri Dunant katika mapigano ya Solferino, ili majeruhi wa pande zote wahudumiwe bila kuulizwa ni wa nani. Ufaransa na Ujerumani zilipopigana, mwaka wa 1870, alivaa alama ile, akawasaidia watu wa Strasbourg walioharibiwa nyumba zao. Aliwafungulia wanawake kazi ya kushona kwa mshahara, kwa kuwa hakupenda kuwafanya ombaomba. Aliporudi kwao alipigania jambo hili kwa miaka mingi, na tarehe 21 Mei 1881 Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaanzishwa, yeye akiwa mkuu wake. Tawi la kwanza kabisa lilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka ule katika mji wa Dansville, jimbo la New York, ndani ya kanisa la Kilutheri.

Aliendelea na kazi mpaka uzee. Mwaka wa 1889, alipokuwa na miaka 67, alikaa miezi 5 katika Johnstown, mji ulioharibiwa na mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 2,200. Mwaka wa 1893 tufani iliviharibu visiwa vya South Carolina, karibu na pale alipowahudumia askari wa ngome ya Wagner. Watu wapata 30,000, wengi wao weusi waliokuwa watumwa zamani, walibaki bila nyumba na chakula, naye alikaa nao karibu miezi 10, akawapa mbegu na kuwasaidia kuchimba mifereji ya mashamba.

Tusimfanye malaika. Alipenda kushika kila kitu kwa mkono wake, na ilikuwa vigumu kwake kumwachia mwingine kazi. Hesabu za fedha hakuziandika kwa utaratibu, si kwa wizi, bali kwa kuwa alichanganya mali yake na ya chama. Lawama zikazidi, na mwaka wa 1904 akajiuzulu kwa uchungu. Waalimu na wazee wa kanisa washikao mfuko wa sadaka na wajifunze hapa pia, ya kuwa moyo mwema hautoshi bila daftari safi. Alifariki nyumbani kwake Glen Echo, Maryland, tarehe 12 Aprili 1912, mwenye umri wa miaka 90, siku ile ile ya mwezi ambayo vita vilianza. Alizikwa kwao North Oxford.

Mwaka wa 1996 nyumba moja ya kale mjini Washington ilikuwa karibu kubomolewa. Mtumishi wa serikali aliyeitwa kuikagua alipanda darini, akakuta kibao cha ofisi ya kuwatafuta askari waliopotea, pamoja na karatasi nyingi. Ndivyo vilivyokuwa vyumba vya Clara. Nyumba ikaokolewa, na ofisi ile ikahifadhiwa watu waione.

Nasi, ndugu, tujifunze nini? Bwana wetu alitufundisha habari za mchungaji aliyeacha kondoo wengi kwa ajili ya mmoja, na za mchungaji awajuaye walio wake kwa majina. Hata katika nchi zetu, wapagazi waliochukua mizigo ya majeshi tangu mwaka wa 1914 hata 1918 walikufa kwa maelfu, na wengi makaburi yao hayajulikani wala majina yao hayakuandikwa. Mungu awajua. Lakini sisi tulio wachungaji na waalimu wa sharika tumepewa vitabu viwili, kitabu cha ubatizo na kitabu cha maziko. Pengine twaona kazi ya kuviandika ni ndogo na ya kuchosha, twaiacha mpaka kesho, na kesho twasahau jina la yule mzee wa mbali, au la mtoto aliyeishi siku tatu tu, au la mgeni aliyekufa njiani. Tusifanye hivyo. Mtu akifa katika usharika wetu, na aandikwe siku ile ile, jina lake lote na mahali alipolala, ili yeyote ajaye kumwuliza asirudi bila jibu.